Betri Kifuani mwa Shemeji

Mume wangu ni fundi saa. Meza yake iko sebuleni, karibu na dirisha. Kila siku mdogo wake huketi kando yake, akifuta vioo vya saa kwa kitambaa laini. Shemeji yangu huyu ni mgonjwa wa akili. Ni mpole, na mkono wake ni mwepesi.

Lakini alikuwa akimeza vitu. Leo skrubu, kesho kifuniko. Mume wangu alikuwa na tiba yake: mkate mkavu, eti uvisukume vishuke. Wateja wakambandika jina la Stoo. Walicheka, na mume wangu akacheka nao. Mimi roho iliniuma.

Asubuhi moja betri ya saa ilipotea mezani. Shemeji alikuwa ameshika kifua, mate yanamtoka.

"Inaniunguza, shemeji," aliniambia.

Mume wangu akachukua mkate. Nikampokonya.

"Huyu ni mtu, si droo yako."

Nikamwita jirani yetu muuguzi. Alikuja mbio, mikono bado ina povu la sabuni. Akatukataza kumlisha, kumnywesha wala kumtapisha. Betri huunguza koo haraka, alisema, hata iliyokwisha nguvu. Tuchukue nyingine kama hiyo, daktari aione. Twende sasa hivi.

Hospitalini walimpiga picha ya kifua, wakaitoa betri kwa mpira mwembamba uliopitishwa kinywani. Koo lilikuwa limeanza kuungua.

Yule jirani muuguzi, aliyetusindikiza, akamuuliza mume wangu kama mgonjwa anameza dawa zake za akili. Mume wangu akainama. Alikuwa amemwachisha, kwa sababu zilimsinzisha kazini.

"Umemnyima dawa, ukamwachia skrubu," alisema muuguzi. "Huu si uroho wala jeuri. Ni ugonjwa. Uliwahi kumuuliza kwa nini anameza?"

Hakuwahi. Daktari wa akili ndiye aliyeuliza. Shemeji akajibu kwa sauti iliyokwaruza:

"Nasikia watu wanasema wezi wanakuja. Namfichia kaka vitu vyake."

Mume wangu akalia pale pale. Sikumbembeleza.

Daktari alimpa dawa nyingine, isiyomlemea. Nyumbani, vitu vidogo vinakaa kwenye sanduku lenye kufuli. Shemeji akisikia zile sauti, anatuambia. Hatumcheki.

Juzi mteja aliuliza Stoo yuko wapi. Mume wangu akamrudishia saa yake, mbovu vilevile.

"Tafuta fundi mwingine. Hapa yupo mdogo wangu."

Baadaye shemeji alinifuata jikoni, akafungua kiganja. Betri nyingine, iliyokuwa imeanguka chini ya meza.

"Chukua, shemeji. Wananiambia niifiche."

Nikaipokea, nikaifungia sandukuni. Naye akarudi kwenye kitambaa chake.