Bipu ya Saa Kumi na Moja na Nusu

"Kwani watu wamekwisha?"

Ndivyo Elvire alivyomwuliza kijana asiyemjua, mbele ya kibanda cha Shaabani, fundi wa redio na simu wa mtaa wa Buyenzi, huku mabodi ya magari yakigongwa nyundo pande zote na harufu ya rangi ya kupuliza ikiwakaba watu koo. Kijana alishika simu ndogo ya buluu mkono mmoja na waya mkono wa pili, akimwomba Shaabani aviunganishe ili simu iweze kuongea na kompyuta.

"Watu wako, mademoiselle," alijibu kijana bila kugeuka. "Ila watu wanachelewa. Kompyuta haichelewe."

Kisha akageuka, na maneno mengine aliyokuwa ameyaandaa yakampotea. Elvire alikuwa ametoka bandarini, kwa wakala wa forodha alikofanya kazi, amevaa sketi nyeusi ya ofisi na blauzi ya rangi ya machungwa. Aliijua vizuri blauzi ile na inavyowafanya wanaume.

"Unaitwa nani, we mutu wa kompyuta?"

"Armel. Na we?"

"Mi nimekuja kuchukua chaja yangu."

"Anaitwa Elvire," Shaabani akadakia, "na chaja yake imepona tangu jana. Chukueni vitu yenu muende kuongea kule mbele, munanifukuzia bateja."

Wakaenda kuongea kule mbele, na kwa muda mrefu hawakuacha.

Lakini mapenzi ya Bujumbura ya miaka ile ya vita hayakuwa ya kujiachia tu. Mtu akikuuliza unakaa mtaa gani, alikuwa anakupima wewe ni mtu wa upande gani, na jibu lako liliweza kukuponza. Watu walitongozana sikio moja likiwa milimani, kusikiliza kama mizinga imeanza. Na Elvire alikuwa na sababu yake zaidi ya watu wengine. Kaka yake Hugues alitoka asubuhi moja kwenda kutafuta mkate, mtaa ukafungwa nyuma yake, na hadi leo hakuna mtu aliyekuja kuwaambia chochote. Mama yao aliendelea kumwekea sahani mezani mpaka sahani yenyewe ikavunjika.

Kwa hiyo Armel alipomwuliza anataka zawadi gani, Elvire hakutaja manukato.

"Ukifika kwako jioni, unibipu. Mara moja tu. Nikiona jina yako, nitajua uko muzima, nitalala."

"Ni hiyo tu, sheri?"

"Ni hiyo tu. Na usinidanganye."

Bipu, kwa asiyeijua, ni simu inayolia mara moja na kukatwa. Haipokelewi. Anayeipokea anamlia mwenzake vocha, na vocha ilikuwa kitu cha kuombewa. Elvire aliiona bipu ya kwanza kwenye kioo cha simu yake, akatabasamu peke yake jikoni mpaka ugali ukaungua.

Armel alifanya kazi kwa Sylvère, mwenye duka la intaneti karibu na soko kuu. Mchana alifungulia watu barua-pepe. Muda uliobaki alitengeneza kitu chake. Kulikuwa na mjane mmoja wa Kinindo, Madame Marguerite, aliyeachiwa na marehemu mumewe hisa kwenye soko la Brussels. Mjane alitaka kuziuza, ila si kabla hazijafika bei aliyoitaja mumewe kabla ya kufa. Nani angekaa kuichungulia Brussels kutwa nzima? Armel akasema mashine ndiyo itakayochungulia. Jumamosi moja alimkalisha Elvire kando yake amwonyeshe.

"Naandika na Python," alisema kwa fahari.

"Hiyo si nyoka?"

"Ni lugha ya kompyuta. Haiume."

"Nyoka zote zinasemaka haziume."

Armel akacheka, akamwonyesha mistari kwenye kioo. "Angalia. Kila dakika kadhaa programu inakwenda Brussels kwa intaneti, inasoma bei ya hisa, inarudi nayo. Kama bei imefika kwa ile Madame anataka, inaamusha simu yangu kwa huu waya, simu inamubipu. Yeye anajua: ni saa ya kuuza."

"Na mbona imeandika makosa?"

Armel akainama, akakuna kichwa. Wabelgiji waliandika bei kwa mkato, mashine ikataka nukta. Akaongeza mstari mmoja wa kubadili mkato kuwa nukta, programu ikakimbia bila kelele, naye akambusu Elvire shavuni mbele ya mteja aliyekuwa akisubiri kupiga fotokopi.

"Mbele ya batu!" Elvire alimpiga kofi la bega, lakini la taratibu.

Muda si mrefu bipu zikabadilika. Zamani zilikuja ovyo, leo mapema, kesho zimechelewa. Sasa zikawa zinakuja saa kumi na moja na nusu kamili, kila siku, hata Jumapili. Elvire alijisifu kwa jirani yake Sijaona, aliyekaanga sambusa mlangoni pao Buyenzi.

"Umeona mwanaume amenyooka?"

Sijaona aligeuza sambusa zake. "Saa ileile kila siku? Na bariyeri za maaskari hizi zote? Mi baba yangu anatoka musikitini hapa karibu, na hafikake saa ileile. Chunguza, dada."

"We una wivu."

"Ninayo. Lakini chunguza."

Elvire alitupilia mbali maneno hayo. Yakamfuata.

Jioni moja bosi wake alimpakia garini kwenda Kinindo, mteja akaguliwe mzigo wake uliotoka Kigoma. Walipokuwa wakipita taratibu kwenye mtaa wa nyumba zenye maua, Elvire alimwona Armel. Alikuwa kwenye baraza ya nyumba nyeupe, amevaa shati lake la kola, lile alilokuwa akisema ni la sherehe, anakunywa maji ya matunda. Mbele yake ameketi mwanamke wa makamo, mzuri asiyejificha, kitenge cha kijani kimemkaa mwilini, anacheka kichwa nyuma.

Hapo hapo mkoba wa Elvire ukalia mara moja. Akaitoa simu. *Armel*, kioo kilisema. Saa kumi na moja na nusu.

Akatazama tena barazani. Mikono miwili ya Armel ilikuwa kwenye glasi. Mfuko wa shati ulikuwa bapa.

Nimefika nyumbani, bipu ilikuwa inamwambia. Nimefika salama, lala.

Simu yake anayo nani? Kuna mwanamke mwingine kule kwake, amefundishwa kunibipu ili mimi nitulie? Na huyu wa kijani je? Usiku kucha aliwahesabu wanawake wasiokuwepo. Asubuhi Sijaona alimmaliza kabisa.

"Mutu mwenye simu inapigwa na mutu mwingine? Dada, mi sisemi ni mwanamuke. Kuna batu mujini humu bana kazi zingine. Wanaandika majina za batu, wanazipeleka kwa wenye bunduki."

Elvire akapiga simu akiwa bandarini, kati ya wapakuzi waliokuwa wakipokezana magunia ya chumvi. Sauti yake aliipaka sukari.

"Mukunzi, jana ulifika nyumbani saa ngapi?"

"Si nilikubipu, sheri?"

"Ego, ndiyo. Ulinibipu."

Hakuwa amesema uongo, mjanja yule, na hakuwa amesema ukweli. Elvire alikata simu kwa hasira.

Siku iliyofuata alitoka kazini mapema, akaingia kwa Sylvère bila hodi, muda mfupi kabla ya saa ile. Armel alikuwa kwenye mashine ya fotokopi, mgongo umegeuka. Kwenye meza ya pembeni simu ya buluu ilikuwa imelala, waya wa Shaabani umeiingia tumboni. Hakuna mtu aliyeigusa. Kioo chake kikawaka chenyewe, na mkoba wa Elvire ukalia.

Armel aligeuka. Karatasi zilimponyoka mkononi.

"Ni mashine," Elvire alisema polepole. "Wakati huu wote, ni mashine."

"Elvire, sikiliza. Simu ni moja. Haiwezi kuwa kwa mufuko na kwa waya. Brussels inafungaka ile saa, bei ya mwisho inakuja nyuma kidogo, mi lazima niiache hapa. Siku zingine niko kwa Madame Marguerite kumuelezea kazi. Nikasema, we utaogopa ukikosa bipu. Nikaweka namba yako mu programu. Nilitaka ulale."

"Ulitaka nilale."

"Kwa Madame hakuna kitu, naapa, ule ni mama wa batoto wakubwa—"

"Achana na Madame!" Wateja wakainua vichwa. "Ungekuwa na mwanamuke ningekulilia wiki moja ningepona. Lakini hii? Hugues alienda, hatukujua. Mi niliomba kitu moja tu, nijue. Armel, kama ungepigwa risasi kwa barabara, hii sanduku ingenibipu. Ungekuwa umelala kwa mutaro na mi niko jikoni ninacheka!"

Jambo hilo halikuwa limempitia Armel akilini hata mara moja. Lilimwingia pale pale, na Elvire aliliona likimwingia usoni, lakini hakubaki kumhurumia.

Hakupokea simu zake tena. Mwisho Armel alipiga kwa simu ya Sijaona, na Sijaona, kwa moyo wake wa huruma uliochelewa, akamwekea Elvire simu sikioni kwa nguvu.

"Nimekutosha mu programu, namba yako haiko tena. Madame amenunua simu ingine kwa ajili ya mashine. Yangu iko kwa mufuko. Kuanzia leo bipu ni mi, na kidole changu."

"Na mi nitajuaje?"

"Hauwezi kujua. Ni kuniamini tu."

"Basi hujui unaongea na nani."

Bipu ziliendelea kuja, leo mapema, kesho zimechelewa. Elvire alizifuta moja moja. Mtu anayejua kuandika mkato uwe nukta, alijiambia, anajua pia kuiandika mashine ichelewe. Hata hivyo hakuzima simu jioni. Hilo hakumwambia Sijaona.

Halafu mwezi wa saba ukaja, na mizinga ikashuka mitaa ya kusini. Siku ile bandari nzima ilisimama kusikiliza. Kinindo, watu walisema, wanapiga mpaka Kinindo. Elvire alimpigia Sylvère.

"Armel iko wapi?"

"Alienda kwa Madame tangu saa nane. Hajarudi."

Akapiga ya Armel. Mtandao umejaa. Akapiga tena, mtandao umejaa. Watu wakaanza kupita barabarani na magodoro kichwani, watoto wamefungwa mgongoni. Elvire alivua viatu vya kazi akaanza kukimbia kuelekea mjini, na alipokuwa njiani simu ikalia mara moja.

*Armel.* Saa kumi na moja na nusu kamili.

Kati ya saa zote za Mungu, saa ile. Akasimama katikati ya barabara na watu wakimpiga vikumbo. Kama Armel alimwambia kweli, basi kidole chake kimebonyeza simu sasa hivi na yu hai. Kama alidanganya, ni sanduku lile linambipu, na yeye amelala mahali. Uhai wa Armel ulining'inia kwenye neno lake, na yeye neno hilo alikuwa amelikataa.

Akafika kwa Sylvère akakuta milango ya chuma inashushwa. Akapita chini yake.

"Elvire, tunafunga!"

Kwenye meza ya pembeni kulikuwa na simu, waya umeiingia tumboni. Nyeusi, si ya buluu. Lakini laini huhamishwa kwa sekunde, na Elvire hakuwa na imani iliyobaki ya kugawa kwa rangi ya simu. Akasimama mbele yake, akapiga namba ya Armel, macho yamekodolea kile kioo cheusi. Ikiwaka, Armel amekwisha.

Safari hii mtandao ulishika. Sikioni mwake ikalia. Juu ya meza, kimya. Ikalia tena. Kimya.

"Elvire?"

Akakaa sakafuni, juu ya karatasi za fotokopi.

"Uko wapi?"

"Tumefika kwa mapadri, hapa kwa parokia. Na Madame, na jirani zake. Nilikubipu tulipoingia tu. Uko wapi, we?"

"Niko na mashine yako. Nilikuja kuangalia kama ni yeye." Akalia, na hakujali Sylvère anasikia. "Nilikuwa nakuaga, Armel. Kwa barabara yote nilikuwa nakuaga."

Wakati huo ile simu nyeusi ikawaka. Elvire aliruka. Ikapiga mara moja ikazima, na upande wa pili wa laini, nyuma ya sauti ya Armel, alisikia simu ya mtu mwingine ikilia, kisha sauti ya mwanamke ikipaa juu ya vilio vya watoto: "Imefika! Armel, imefika! Na mi nimekaa kwa godoro la jirani!"

Elvire akacheka katikati ya machozi, jambo ambalo hakulitarajia siku ile. "Mwambie Madame auze."

"Sheri, ukija kuna kitu nataka kukuuliza."

"Ninakuja."

Uwanja wa parokia ulikuwa umejaa watu na sufuria. Elvire alimwona Armel kabla hajaonwa. Shati la kola lilikuwa limechanika bega, amebeba mtoto wa watu mkono mmoja. Kwa mkono wa pili aliitoa simu ya buluu mfukoni, akabonyeza kwa kidole gumba. Elvire alikiona kidole chenyewe. Mkoba wake ukalia.

Akafanya kitu ambacho mji mzima ulikuwa umekikataza. Akaipokea.

"Allo?"

Armel akaruka. "Elvire! Umepokea bipu! Unakula inite zangu za vocha!"

"Nitakula na zingine. Uliza ile kitu yako kabla hazijaisha."

"Kwa simu?"

"Uliza, Armel."

Sauti ilimtoka ndogo. "Nilitaka kuuliza: tukiishi nyumba moja, jioni nitakuwa nakubipu wapi?"

"Hautabipu. Utapiga mulango, nami nitafungua, nikuone na macho yangu."

"Ni ego hiyo? Elvire? Elvire!"

Inite zilikuwa zimekwisha. Armel aliitazama simu iliyokufa mkononi, akainua kichwa kwa uchungu, na pale getini akaiona blauzi ya rangi ya machungwa inakuja kumjibu.