Maana ya Neno Upya

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, Zamda alifagia uani, kisha akachota maji kisimani na kujaza mtungi wa mama yake. Walipanga chumba katika nyumba moja ya Kariakoo, yenye ukumbi mrefu katikati na uani kwa nyuma, ambako wapangaji wote walipika na kufua. Huko alizoea kumkuta Bi Sitara, mjane wa chumba cha mwisho, amekaa juu ya kigoda akichoma vitumbua vya kuuza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mpelekee mdogo wako hiki, bado cha moto."

Lakini masika ya mwaka ule yalileta msiba. Watoto wa nyumba ile walishikwa na kuhara na kutapika. Abbasi, mdogo wake Zamda, alilazwa hospitali. Pius, mdogo wake Agnesi wa chumba cha mbele, naye alilazwa, na hali yake ilikuwa mbaya zaidi.

Mzee Bushiri, mwenye nyumba, aliwaita wapangaji ukumbini. Wazazi wa Agnesi hawakuwapo. Walikuwa hospitali na mtoto wao. Mzee aliuliza swali moja tu: watoto walikula nini?

"Abbasi alikula kitumbua cha Bi Sitara," Zamda alijibu, na ilikuwa kweli. Wengine wakasema vivyo hivyo. Shauri likaishia hapo. Bi Sitara akaambiwa asichome tena, na mwezi ukiandama ahame.

Hakubishana. "Mungu anajua," alisema, akaingia chumbani mwake na kufunga mlango.

Kesho yake Pius alifariki.

Agnesi aliporudi shule baada ya mazishi, Mwalimu Gaudens alikuwa akifundisha maneno mapya. Aliandika ubaoni: *kuchunguza upya*.

"Nani atanipa maneno yenye maana ya karibu na kuchunguza?"

"Kupeleleza," alisema mmoja.

"Kudadisi. Kuhakiki."

"Vizuri. Na upya je?"

"Mara ya pili, mwalimu," alijibu Zamda.

Mwalimu alitikisa kichwa. "Haitoshi. Ukiwauliza watu wale wale swali lile lile, utapata jibu lile lile. Kuchunguza upya ni kuliweka kando jibu ulilonalo, ukaanza kana kwamba hujui kitu."

Njiani kurudi nyumbani, Zamda na Agnesi walitembea pamoja. Kisha Zamda akasema kwa upole, "Pole, Agnesi. Laiti Pius asingekula vile vitumbua."

Agnesi alisimama. "Vitumbua gani? Pius alikuwa hagusi kitu chenye nazi. Tangu tulipotoka Kilimanjaro hakuizoea kabisa."

"Mbona hamkusema?"

"Nani alituuliza?"

Zamda alikwenda moja kwa moja kumweleza mama yake. Jioni hiyo alimwendea Mzee Bushiri barazani, mama yake akiwa nyuma yake.

"Shauri lilikwisha," mzee alisema kwa ukali. "Siku hizi watoto mnafundishwa kuwasahihisha wazee?"

"La, babu. Mimi ni mmoja wa waliosema. Naomba niulizwe tena, maana Agnesi anasema Pius hakula kitumbua hata kimoja."

Mzee akamwita Eliakimu, baba yake Agnesi. Eliakimu alithibitisha maneno ya binti yake.

"Basi siku ile mtoto alikula nini?" mzee aliuliza, sauti imepungua.

"Hakula. Alikuwa na joto, akawa anaomba maji tu."

"Maji ya wapi?"

Wote waligeuka wakatazama uani. Kisima kilikuwa hatua chache kutoka chooni, na mvua ilikuwa imenyesha mfululizo.

Bwana Afya aliitwa. Alichukua maji yakapimwe, na jibu liliporudi alisema kwamba uchafu wa choo ulikuwa umepenya kisimani. Kisima kikafukiwa. Wapangaji wakaamriwa kuteka maji kwenye bomba la mtaa na kuyachemsha kabla ya kunywa. Watoto wakaacha kuugua, na Abbasi akarudi nyumbani amekonda, lakini mzima.

Mzee Bushiri, akifuatwa na Zamda, alikwenda mwenyewe kugonga mlango wa Bi Sitara. "Nimekukosea, dada yangu. Hii ni nyumba yako, hutahama."

"Nimekusamehe," alijibu Bi Sitara. "Lakini mlipokuwa mkinilaumu mimi, watoto waliendelea kunywa maji yale."

Mzee aliinamisha kichwa. Zamda alipiga magoti mbele ya Bi Sitara, machozi yakimtoka. "Nisamehe, bibi. Maneno yangu ndiyo yaliyokuponza."

Bi Sitara alimwinua. "Ulisema uliloliona, mwanangu, na kusema kweli si kosa. Kosa letu sote lilikuwa kupata jibu moja na kuridhika nalo. Ukiona jambo halikai sawa, rudi ukaulize upya, hata kama utaona aibu. Aibu hupita. Aliyezikwa harudi."