Mkungu wa Kuazima

Celestina wa Kibingo ana maswali kuliko karani wa sensa. Ukimwambia mvua itanyesha, atakuuliza umejuaje. Anapalilia migomba huku anauliza. Anamenya ndizi huku anauliza. Mumewe, Byarugaba, amezoea. Humwambia, "Mke wangu, hata redio hupumzika!"

Mwaka huu ilinyesha mvua ya mawe. Nusu saa tu, jamani! Migomba ikakatika. Maharage yakalala chini. Nyumba ya Byarugaba ina watu saba: yeye, Celestina, watoto wao wanne, na mama yake, Bibi Kokubanza. Baada ya wiki tatu walikuwa wanakula mara moja tu kwa siku, jioni.

Ndipo mwenyekiti wa kitongoji akatangaza. Shirika la misaada kutoka nchi za nje litapita nyumba kwa nyumba. Linataka kujua nani ameumia zaidi.

"Wageni waje wakute nyumba haina kitu?" Byarugaba akasema. "Uso wangu nitauficha wapi?"

Akaenda Isingiro kwa shemeji yake. Huko mawe hayakufika. Akaazima mkungu mkubwa wa ndizi na maharage kidogo. Celestina akatandika nyasi mpya sebuleni. Mkungu ukawekwa karibu na mlango. Ndizi chache za mkungu huo zikapikwa, zikanukia hadi barabarani. Kwetu mgeni hupokelewa hivyo, na sioni ubaya wake. Lakini siku ile, mh!

Mgeni alikuwa mfanyakazi wa shirika hilo, dada mmoja kutoka Karagwe, jina lake Sperancia. Alishukuru, ila hakula. Alisema kazi yake haimruhusu. Akauliza, "Mnakula mara ngapi kwa siku?"

"Mara tatu," Byarugaba akajibu. "Na wageni tunawapa."

Sperancia akautazama ule mkungu. Akaandika. Celestina aliinamisha kichwa. Alilelewa hivyo, kutomsahihisha mume mbele ya wageni.

Wiki iliyofuata majina yalibandikwa kwenye ofisi ya kijiji. Celestina akasoma juu hadi chini. Akarudia. Jina lao halikuwepo. Jina la jirani yao, Gaspari, lilikuwepo.

Byarugaba alikasirika sana. "Unaona? Gaspari ni Mlutheri. Sisi Wakatoliki tumetupwa! Kamata jogoo, umpelekee yule dada. Atatuandika."

"Jogoo wa nini?" Celestina akauliza. "Kama msaada ni haki yetu, kwa nini tuununue? Na kama si haki yetu, jogoo ataufanya uwe haki?"

Celestina akafunga kanga yake, akaenda mikono mitupu.

Nje ya ofisi ya kijiji palikuwa na meza. Sperancia alikuwa amekaa hapo.

"Habari za asubuhi, dada. Nina maswali."

"Nzuri, mama. Karibu, meza hii ni ya maswali na malalamiko."

"Ni kweli mnaandika watu kwa dini?"

"Hapana. Hatuangalii dini, kabila wala chama. Tunaangalia shida. Mwenye shida kubwa zaidi anatangulia. Chakula hakitoshi watu wote, kwa hiyo lazima tuulize."

"Na mtu akitaka kuleta jogoo?"

Sperancia akacheka. "Amrudishe bandani! Msaada haulipiwi. Mtu yeyote akikudai kuku, pesa au mwili wako ili akuandike, hata akiwa mfanyakazi wetu, njoo useme. Ukiogopa kuja hapa, piga simu. Namba ipo kwenye lile bango. Hatutataja jina lako."

"Na mkikosea?"

"Ndiyo maana majina yanabandikwa wazi. Tuna siku saba za kusikiliza. Kuna kosa nyumbani kwako?"

Celestina akavuta pumzi. "Kosa ni letu. Ule mkungu ulikuwa wa kuazima."

Sperancia hakumcheka. "Mama, mimi pia ni Mnyambo kama ninyi. Najua mgeni anavyopokelewa. Lakini mimi sikuja kupima heshima yenu. Nilikuja kupima njaa. Mkiificha, siioni. Na mtu akiizidisha, anamnyang'anya mwenzake. Kesho nitakuja tena. Msiandae chochote."

Kesho yake alikuja. Safari hii aliomba kuingia jikoni. Chungu kilikuwa kikavu. Bibi Kokubanza alikuwa amekaa karibu na mafiga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Jana ulikula nini?"

"Kahawa," bibi akajibu.

"Kahawa tu?"

Bibi akafungua kiganja. Kulikuwa na punje tatu za kahawa ya kutafuna. "Nikitafuna hizi njaa inatulia. Sahani yangu nawagawia wajukuu. Leo ni siku ya nne."

Byarugaba alisimama mlangoni. Hakuwa anajua. Kila jioni mama yake aliondoka na sahani yake, akisema atakula polepole na watoto. Machozi yakamtoka mbele ya mgeni, na hakuyafuta.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, nawe ulisema tunakula mara tatu? Mficha uchi hazai, mwanangu."

Byarugaba akamgeukia Sperancia. "Dada, andika. Tunakula mara moja. Mama yangu hali kabisa. Nilidanganya kwa sababu ya aibu."

Ijumaa kulikuwa na mkutano wa kijiji, majina yasomwe mbele ya watu wote. Byarugaba alisimama akasema hayohayo. Hakuna aliyecheka. Wazee wawili nao wakainua mikono. Kumbe na wao waliazima mikungu!

Familia hizo zilitembelewa tena, kisha zikaandikwa. Zilipewa unga, maharage na mafuta ya kula kwa miezi mitatu, pamoja na mbegu. Celestina aliuliza mbegu zinaota kwa siku ngapi, mafuta yametoka wapi, na miezi mitatu ikiisha itakuwaje. Alijibiwa yote.

Siku ya kwanza ya chakula alisonga ugali mchana.

"Ugali si ndizi," Bibi Kokubanza akasema, "lakini tumbo langu leo halibishani na mtu."

Byarugaba alimpakulia mama yake kwanza. Kisha akaketi mbele yake, akamtazama akila, mpaka alipomaliza.