Mwano wa Gari la Nne

Ng'ombe wawili walikuwa wamekufa na wa tatu alikuwa bado anakoroma Inspekta Hatibu Akida alipofika kwenye lambo la Isolo, Jumamosi ya tarehe kumi na nane Agosti, 1984, saa nne kasorobo asubuhi. Gari la mashindano lilikuwa limelala matairi juu, chini ya tuta. Dereva wake, Stanslaus, kijana wa Mwanza, alikaa vumbini na kofia yake ngumu mapajani, hana hata mkwaruzo wa maana. Msoma ramani wake alikuwa amelazwa kivulini, amefunikwa khanga mbili. Aliitwa Ngassa Mageni. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na kwao kulikuwa kilomita mbili tu kutoka pale.

Hatibu alivua kofia. Alizaliwa Shinyanga mjini, mjukuu wa wafanyabiashara waliotoka pwani, na katika ujana wake miaka ya sitini aliwahi kuyaona magari ya mashindano ya Pasaka yakikata nchi tatu kama nchi moja. Kisha Jumuiya ikavunjika, mpaka ukafungwa, petroli ikawa ya kupewa kwa kibali. Sasa mpaka umefunguliwa, ubingwa wa magari wa Afrika ulikuwa bado mchanga, na kwa mara ya kwanza duru yake moja ilipitia huku kwenye ukanda wa dhahabu, kutoka Kahama kwenda Geita. Wakenya walikuja, Wazambia walikuja. Mtoto wa vijiji hivi alikuwa mmoja tu, na ndiye huyo aliyelala chini ya khanga za watu.

"Hapa hapakuwa na mlinzi?" aliuliza.

Koplo Philomena, Msukuma wa Kharumwa, alikuwa ameshampata. "Huyu hapa, afande. Mabula, sungusungu wa Isolo. Alipewa bendera nyekundu, azuie ng'ombe wasivuke kwenda lamboni mpaka magari yote yapite."

"Shikamoo, afande," Mabula alisema.

"Marahaba. Ulizuia?"

"Nilizuia. Magari matatu yalipita salama. Lilipopita la tatu, nikasikia mwano."

Hatibu hakuhitaji kutafsiriwa. Mwano ni ukunga wa kuibiwa ng'ombe. Anayeusikia anaupokea, anaupiga na yeye, kisha anakimbilia ulikotoka, awe anakula au anaumwa. Tangu sungusungu waanze kulinda mifugo yao wenyewe, asiyekimbia alikiona cha mtema kuni.

"Ukaiacha kazi uliyopewa?"

"Bendera niliichomeka pale. Mwaka jana ulipigwa mwano mke wangu yuko kwenye uchungu, sikukimbia. Nikatozwa fahali, afande. Na fahali nilikuwa naye mmoja. Leo nilikimbia. Mchungaji naye alikimbia. Ng'ombe wakabaki peke yao na kiu yao."

"Aliyeibiwa ni nani?"

Mabula aliinamisha kichwa. "Hakuna. Tulikimbia mpaka Bugelenga. Hakuibiwa mtu hata mbuzi."

Ngassa alizikwa Jumapili. Kaburini alisimama baba yake, Mzee Mageni, ambaye ndiye aliyekuwa mtemi wa sungusungu wa vijiji vile vyote na mtunzi wa kanuni zao. Uso wake ulikuwa mkavu. Alisema mwano ule ulikuwa wa uongo, na kwamba Mabula alinunuliwa ili aondoke pale. Jumanne watu wakutane kwenye ghala la pamba. Kwa kanuni, nyumba ya Mabula itatengwa: haitapewa moto wala maji, haitasalimiwa, na siku ya msiba haitachimbiwa kaburi.

Mabula alikuwa na mke na watoto wanne, wa mwisho bado ananyonya. Kutoka mkoani nako simu ilipigwa kituoni Kharumwa. Waandaaji wa mashindano walitaka jina la mkosaji, na wakubwa walishalipenda la Mabula. Polisi na sungusungu kwa kawaida walikuwa wakipendana kama wake wenza. Kwa kumwangamiza Mabula tu ndipo walipopatana.

"Unamwamini?" Philomena aliuliza.

"Naamini anaogopa," Hatibu alijibu. "Mtu aliyenunuliwa huwa na maneno mengi."

Hata hivyo lilikuwepo jambo moja baya. Ijumaa jioni Mabula alionekana lamboni na Sabiti, fundi wa gari moja la Wazambia, na kitu kilipita mkononi. Sabiti, mtoto wa Shinyanga mjini, aliletwa Jumatatu asubuhi.

"Ulimpa nini Mabula?"

"Sikumpa, afande, nilimsalimia tu."

"Salamu yenu ina fedha ndani yake?"

Sabiti alijaribu kucheka, akashindwa. Alivua kiatu, akatoa bua la unyoya lililozibwa kwa nta. Ndani yake kulikuwa na vumbi la dhahabu, la kujaa ncha ya kisu.

"Shemeji yake Mabula anachimba dhahabu huko maduarani. Nilinunua hiyo tu. Nikikamatwa na dhahabu nimekwisha, ndiyo maana nilidanganya. Lakini Ngassa! Wallahi, afande, Ngassa alikuwa rafiki yangu. Mwano ulipopigwa nilikuwa Kharumwa chini ya gari, Kharumwa nzima imenizunguka wananitazama."

Ilithibitika. Hatibu aliichukua dhahabu na kumwacha fundi.

Dereva Stanslaus alikuwa bado kwenye nyumba ya wageni, hataki kurudi Mwanza. Hatibu aliketi naye uani.

"Magari matatu yanapita kimya," Hatibu alisema, "likipita la tatu tu, mwano unapigwa. Mtu alikuwa analingoja la nne. Nani alijua kwamba la nne ni lenu?"

"Sisi wenyewe tulijua Ijumaa jioni. Tulilala hapa Kharumwa, ndipo tukasomewa zamu za kuondoka asubuhi. Ngassa alifurahi, akaazima baiskeli akaenda kwao kusalimia."

"Akarudi vipi?"

"Akarudi hasemi. Nilimbana, akaniambia mama yake alimkumbatia, ila baba yake alipomwona aliingia zizini akamgeuzia mgongo. Ni mambo ya zamani, Inspekta. Mwaka wa sabini Ngassa alikuwa na miaka kumi, anachunga. Magari ya Pasaka yakapita. Akaacha ng'ombe akakimbilia vumbi. Aliporudi, ng'ombe kumi na mmoja wameibiwa. Baba yake aliapa hatalitazama gari la mashindano maisha yake yote, na alipoona kijana kaingia humo humo, ikawa basi."

Hatibu alimwita Philomena, wakapanda Landrova.

"Mwano una njia," alimwambia. "Kila aliyeupokea aliusikia ukitoka upande fulani. Tuufuate kinyumenyume."

Walianza na Isolo, upande wa kusini. Watu walisema waliusikia ukitoka kaskazini, Bugelenga bila shaka, maana ndiko walikokimbilia. Hatibu akauliza nani aliwaelekeza Bugelenga. Wakajibu kwamba walipofika mwinukoni, penye nyumba ya Mtemi kando ya barabara, walimkuta Mtemi mwenyewe ameshatoka shambani kwake, akawaambia wezi wameelekea Bugelenga. Wakapitiliza.

"Mtemi alikuwa peke yake?"

"Na mkewe, Mama Ngassa. Amesimama barabarani na gauni lake la kanisani. Tulidhani ana safari."

Huko Mwanhembo, magharibi, wavuna pamba waliusikia ukitoka jua linakochomoza. Bugelenga yenyewe, mwisho kabisa wa kaskazini, mama mmoja aitwaye Paskalina aliacha kupepeta akamtazama Hatibu kana kwamba amemuuliza jua huchwea wapi.

"Huku kwetu? Hapana, baba. Sisi tuliusikia ukitoka kule, kusini. Kule kwa Mtemi."

Waligeuza gari. Mwenye macho haambiwi tazama. Inspekta alitamani awe amekosea, na hilo ni jambo ambalo mpelelezi halitamani mara nyingi.

Jumanne, saa tatu asubuhi, ghala la pamba lilijaa. Mabula aliwekwa katikati na mkewe, mtoto mgongoni. Mageni alisimama mbele, fimbo mkononi. Nyuma, miongoni mwa wanawake waliofiwa, alikaa Bernadina, Mama Ngassa, amejifunika hadi machoni.

"Mtemi," Hatibu alisema, "kabla hujahukumu, niruhusu niulize swali moja."

"Polisi wana mahakama yao."

"Ni kweli. Lakini Mabula ni wetu sote wawili, wewe na mimi. Watu wa Isolo, mwano mliusikia ukitoka wapi?"

"Kaskazini!"

"Bugelenga?"

"Kusini!" Na waliposema hivyo watu wa Isolo waligeuka kuwatazama.

"Mwanhembo?"

"Mashariki."

Kila mmoja pale alikuwa amekulia kwenye njia zile. Hapakuwa na wa kuchorewa ramani. Kilichobaki katikati kilikuwa nyumba moja.

"Ulisema wezi wameelekea Bugelenga," Hatibu aliendelea, kwa sauti ya chini. "Uliwaona, Mzee?"

"Niliambiwa."

"Na nani? Ulikuwa wa kwanza kufika. Ulikuta mtu mmoja tu."

"Inspekta, nimemzika mwanangu juzi. Usinichimbie kaburi lingine. Mabula aliacha zamu yake. Hilo yeye mwenyewe hakatai."

"Aliacha kwa kanuni yako."

Fimbo ya Mageni ilipanda, na haijulikani ingeshukia wapi, kwa sababu wakati huo Bernadina alisimama. Alifunua uso. Alikuwa amelia mpaka sura imebadilika.

"Mwacheni Mabula," alisema. "Mwano niliupiga mimi."

"Kaa chini, Mama Ngassa," mumewe alimwambia, na sauti yake haikuwa ya mtemi tena. Alikuwa anamsihi.

"Nimekaa siku tatu, Baba Ngassa. Yule mtoto wa Mabula ananyonya." Akamgeukia Hatibu. "Ijumaa mwanangu alikuja. Aliniambia, mama, kesho sisi ni wa nne, hesabu vumbi. Akaniambia, angenitazama baba mara moja tu, ningelala kwa amani. Usiku kucha nilifikiri. Huyu mzee hawezi kuitwa na mtu akaja barabarani. Nimwambie nini? Kinachomtoa shambani ni mwano tu. Nikavaa gauni langu, nikahesabu. Lilipopita la tatu, nikapiga."

"Hukufikiri juu ya lambo?"

"Nilijua pana mlinzi. Nilisema huyo ana kazi ya serikali, hatatoka. Sikukumbuka fahali wa Mabula. Tulimla sote, nami nilipika, na sikukumbuka."

Hatibu alimgeukia Mageni. "Na wewe ulijua."

Mzee alikuwa ameegemea robota la pamba. "Sauti ya mke wangu ningeikosaje? Nilidhani wanamuua. Nilipofika namkuta kavaa, mzima, ananiambia mwanao anapita sasa hivi. Nilitaka kumpiga. Nikasikia Isolo wanakuja, nikaogopa kanuni yangu mwenyewe. Nikawapeleka Bugelenga. Wa Mwanhembo nao hivyo hivyo. Baada ya msiba, ilibidi awepo wa kulaumiwa." Akamtazama Mabula, akashindwa kuendelea kumtazama. "Nikakuchukua wewe."

"Watu wa Isolo walipopita," Hatibu aliuliza, "ulirudi shambani?"

Aliyejibu ni Bernadina.

"Hakurudi. Alisimama na mimi. Akaniuliza, gari lake lina rangi gani? Nikamwambia, jeupe. Akakinga jua kwa mkono, akatazama kusini. Tukaliona vumbi linakuja, linakuja kwa kasi. Akacheka, jamani. Tangu mwaka wa sabini sijamsikia akicheka vile. Akasema, kumbe huyu mtoto anaweza. Halafu vumbi likasimama."

Wanawake walianza kulia, kwanza mmoja, kisha ghala lote. Hatibu alisogea dirishani akaitazama barabara, asionekane.

Kelele zilipopungua, Mageni alinyoosha mgongo. Hakuna aliyemwomba aseme, na baadhi ya wazee walimwonyesha kwa mkono anyamaze. Alisema. Mwano wa uongo, kwa kanuni, adhabu yake ni kutengwa, mwenye kosa na nyumba yake. Hakuweka nafasi ya mke wa mtemi wakati wa kuitunga, na hakuona pa kuiweka sasa. Mabula yuko huru na arudishiwe fahali kutoka zizini kwake. Nyumba ya Mageni imetengwa kuanzia leo. Akaiweka fimbo chini, akamshika mkewe mkono, wakatoka. Watu waliwapisha, wala hapana aliyewaaga.

Jalada Hatibu aliwapelekea wakubwa mkoani, waamue wao. Mashindano yalishamalizika Geita, Mkenya akachukua kikombe, na gazeti la Dar es Salaam lilimtaja Ngassa mstari mmoja, jina lake likiwa na s moja badala ya mbili.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya kuanua matanga. Hatibu na Philomena walikwenda, maana kanuni ya sungusungu haimfungi polisi. Njiani walipishana na Mabula akiswaga fahali wake. Aliwapungia mkono, ila alipokuwa akipita mbele ya ua wa Mtemi alitazama chini, akaharakisha hatua. Ana watoto wanne, na hakuna wa kumlaumu.

Uani mikeka ilikuwa imetandikwa kila mahali, kama inavyopasa msiba wa mtoto wa mtu mkubwa. Mageni alikuwa amechuchumaa jikoni, anapuliza moto mwenyewe, moshi umemjaa machoni. Sufuria juu ya mafiga ilikuwa ya kulisha kijiji. Bernadina alikaa peke yake kwenye mkeka wa mwisho, ule unaotazamana na barabara.

"Karibuni," alisema. "Mmewahi. Wengine bado."

Hatibu alimtazama Philomena. Wakavua viatu, wakakaa.