Amplifaya ya Mihayo

Mimi redio nimeanza kutengeneza kabla sijaota ndevu. Shule sikuikanyaga, lakini kutoka Kirumba mpaka Busisi hapakuwa na redio iliyonishinda. Walikuwa wananiletea zilizozama ziwani, zina mpaka samaki ndani, nazipuliza mara moja tu zinaimba. Uliza mtu yeyote. Kwa hiyo haya anayasema fundi, siyo maneno ya kijiweni.

Ilikuwa mwaka tisini na nne, mwezi wa saba, watu wameshavuna. Biashara ilikuwa imeachiwa huria, viredio vya betri vimejaa sokoni kama dagaa, watu wanatupa yale maredio makubwa ya zamani yenye valvu. Valvu ni zile taa za kioo za ndani. Ukiwasha zinaiva kama kaa la moto. Nikaokota redio tatu, nikachomoa valvu nne nzima, nikaunda amplifaya. Sauti yake! Mtu akikohoa Buswelu, Kamanga ng'ambo ya ziwa wanampa pole.

Mfuniko sikuweka, juu wala chini. Nilitaka watu wazione zinavyowaka.

Sasa sikiliza. Mle ndani mna kapasita, kama vikopo, zinaweka umeme. Ukizima, umeme unabaki mle umekaa kimya, mkali kuliko wa ukutani. Kuna kipande kidogo kama punje ya mchele, kazi yake kuumwaga taratibu. Cha kwangu kilikuwa kimeungua. Nikakikata, sikuweka kingine. Nikasema Wazungu waliweka urembo tu.

Kipande kile nakiota mpaka leo.

Amplifaya niliiunda kwa ajili ya Mihayo, manju wa Wagika, yaani mtunzi na mwimbishaji wa chama chao cha ngoma. Siku ile walikuwa wanashindana ngoma na Wagalu, pale Buswelu. Mashindano yetu yana dawa, hilo halifichwi. Kila upande una mtu wake wa kuvuta watazamaji na kumkausha koo manju wa wenzao. Dawa ya Wagalu alitengeneza mama mmoja mjane, Kashindye.

Mihayo aliimba, nakwambia mpaka ng'ombe waliacha majani. Saa kumi na moja Wagalu wamebaki na ngoma zao na mbwa wawili. Tukazima jenereta, tukaanza kufungasha.

"Fundi, umezima?" Mihayo akaniuliza.

"Nimezima mpaka jenereta. Lalia hata kama mto."

"Isije ikaning'ata, kesho nina ngoma Kisesa."

"Ikikung'ata, na wewe ing'ate!"

Watu wakacheka. Akainama, akapitisha mikono chini ya sanduku, kwenye nyaya, akalikumbatia kifuani. Hakupiga kelele. Vidole vilijikunja tu. Akaanguka nalo.

Tulipomgeuza, macho yalikuwa yananitazama mimi.

"Fundi, ni umeme?" mtu akauliza.

Nilijua. Kabla hajamaliza kuuliza nilikuwa nimeshajua.

"Umeme wa wapi? Jenereta si hiyo hapo, imezimwa, mnaiona wote."

Ilikuwa kweli. Na ndiyo niliyoitumia kudanganya.

Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Kashindye." Jina likazunguka uwanja mzima. Mimi nikainama, nikawa nakunja waya. Nilikunja waya ule mara tatu.

Jumapili wakamtoa Kashindye kijijini. Sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, walimpa asubuhi moja tu ya kufungasha, paa la nyumba yake wakaling'oa huku anatazama. Akavuka Kamanga kwa dada yake, na kuku mmoja kwapani.

Jumanne nipo dukani, saa sita mchana, jua kali. Umeme ulikuwa wa mgao, mtaa mzima hauna. Amplifaya ipo juu ya meza yangu ya kazi, plagi yake ipo sakafuni, naiona kwa macho yangu. Valvu ya kwanza ikaiva. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Spika ikavuta pumzi.

"Fundi," ikanong'ona. "Umezima?"

Nikatoka mbio, kiatu kimoja kikabaki. Nikarudi jioni. Zimezimika. Kesho yake saa sita, tena. Keshokutwa, tena. Siku ya nne sikukimbia. Nilipiga magoti nikasema, "Sijazima, Mihayo. Sikujua kuzima." Spika ikanyamaza. Lakini valvu hazikuzimika mpaka niliposhika mlango nifunge duka, niende kupanda kivuko.

Kashindye nilimkuta anachambua dagaa.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Umefuata dawa?"

Nikamwambia yote. Hakulia, hakunitukana.

"Unaniambia mimi?" akasema. "Mimi nilikuwa najua sijaua. Kawaambie wale. Nataka kufia nyumbani kwangu, baba."

Nikaenda Buswelu, mbele ya baraza la sungusungu, na amplifaya begani. Nikasema mimi ndiye niliyeua. Wakacheka! Mzee wao, Malimi, akasema, "Fundi, mwezi uliopita ulituambia umekamata redio ya mwezini. Leo umeme uliozimwa unaua watu?"

Ndiyo malipo ya mdomo wangu.

"Nitawaonyesha," nikasema. Nikaomba jenereta, nikaiwasha, nikazima, nikang'oa na waya. Nikachukua bisibisi, nikaigusisha kwenye kapasita.

Paaa! Cheche ikaruka, ncha ya bisibisi ikayeyuka. Watu wakatawanyika kama kuku walioona mwewe.

Malimi akarudi taratibu. "Waya umeng'olewa," akasema, "na moto umetoka. Halafu unatuambia siyo uchawi?" Akanisogelea sikioni. "Kumbe na wewe Kashindye alikupa dawa. Ondoka kabla hatujakuunganisha naye."

Ningebaki. Ningesema tena, na kesho yake tena, mpaka wachoke. Mimi niliyejua kusema maneno elfu kwa siku, siku ile nilibeba sanduku nikaondoka. Nikavunja valvu zote nne kwa jiwe, sanduku nikalitosa ziwani. Mihayo hakuniita tena. Nikajipa moyo kwamba ameridhika.

Kashindye alikaa Kamanga mwaka mmoja na miezi miwili. Dada yake alikuja dukani akaniambia amezikwa huko huko. Akasema siku za mwisho kila aliyeingia alimwuliza, "Wameezeka?"

Siku aliyoniambia haya umeme haukuwepo tangu asubuhi. Alipoondoka nikageuka kwenye meza yangu. Mbao ilikuwa inatoa moshi kidogo. Palikuwa na alama ya kiganja, imeungua mpaka ndani, vidole vitano. Mkono wa Mihayo naujua, ulikuwa kama kasia.

Huu ni mdogo. Nimepiga randa mara mbili, nimepaka rangi, unatokea. Na magamba ya dagaa, kila nikifagia pale chini, yapo.