Kijani Kulia, Njano Kushoto

Zipu haijui mkubwa wala mdogo. Ilimkatikia mtafiti katikati ya jengo la maduka, saa ya watu kupigana vikumbo, na huku ng'ambo ya barabara wakuu wa idara wanamsubiri awaeleze utafiti wake. Gauni lilikuwa la bluu iliyokoza, limemkaa kiunoni sawasawa, na sasa mgongo wote uko hadharani. Akajibandika ukutani, akaanza kwenda upandeupande kama kaa.

"Dada, huo ukuta haukusindikizi mpaka uendako," sauti ya mwanamume ilimwambia. "Njoo niitazame hiyo zipu."

Alikuwa fundi cherehani, kibanda chake palepale, shati jeupe limenyooka kwa pasi, tepu ya kupimia shingoni. Dada yake mkubwa, anayeuza vifungo na nyuzi katika kibanda hichohicho, alikuwa ameshavuta pazia.

"Una dakika ngapi?" fundi aliuliza.

"Sina hata moja."

"Basi tutatumia zangu. Kwani unaenda harusini?"

"Naenda kuwaambia watu wenye tai kwamba watoto wanaweza kula mashudu."

Sindano ilisimama. "Mashudu haya ya ng'ombe?"

"Hayo hayo. Alizeti ikishakamuliwa mafuta, kinachobaki tunamtupia ng'ombe, na ndicho chenye kujenga mwili. Shida ilikuwa uchungu na harufu. Nimehangaika nayo tangu nikiwa mwanafunzi. Sasa yanasafishika, yanasagwa, yanachanganywa na unga wa uji. Ukionja hutajua."

"Na ng'ombe watakula nini?"

"Watajijua."

Nyuma ya pazia dada mkubwa aliangua kicheko. "Mdogo wangu, huyo mshonee polepole," alisema. "Asije akaondoka kabla hujapata namba yake."

Namba aliipata, eti ya kufuatilia zipu. Jioni ileile akapiga.

"Zipu inaendeleaje?"

"Imelala vizuri. Imekula."

"Na mwenye zipu?"

"Huyo bado ana wasiwasi. Wakuu wamekubali nijaribu unga wangu kwa watoto wa kweli. Kama haufanyi kazi, hakuna atakayenipa nafasi ya pili. Na wale watoto watabaki na vijikono vyao vyembamba vilevile."

Fundi hakujua la kusema, na kwa kuwa hakusema upuuzi wowote, mtafiti alimpenda kidogo hapo hapo. Kidogo kikazaa kikubwa. Muda si muda yeye akawa "Daktari wa Mashudu" na fundi akawa "Fundi wangu", na dada mkubwa akaanza kuuliza habari za wifi yake kwa sauti ya kusikika mpaka duka la nne.

Jaribio lilianza kwenye kituo cha afya ya watoto. Nusu ya kina mama walipewa unga wenye mashudu, nusu unga wa kawaida, ili ionekane kama kuna tofauti. Mifuko ilikuwa sawa kabisa. Alama ilikuwa uzi wa kushonea mdomo wa mfuko: kijani kwa kundi moja, njano kwa jingine, kila mama na rangi yake tangu mwanzo hadi mwisho. Rangi ipi ina nini, alijua profesa peke yake, tena yuko mji mwingine. Hata mtafiti mwenyewe hakujua. Mtu akijua, moyo huvuta jicho, na mtoto aliyepungua huonekana kanenepa.

Mshonaji wa kituo alipohama, mtafiti alimwomba fundi awe anakuja na mashine yake ya kuzungusha kwa mkono.

"Utakaa katikati ya stoo, utazame ukuta. Mifuko ya meza iliyo mkono wako wa kulia ishone kijani, ya kushoto njano. Basi."

"Kwa nini?"

"Siri ya kazi."

"Hata kwangu?"

"Kwako hasa. Na mimi siruhusiwi kukanyaga humo ndani, nisije nikaona alama za profesa kwenye magunia."

Kwa hiyo walipendana ukuta ukiwa katikati. Yeye chumba cha mizani, fundi stoo, na simu kati yao.

"Fundi wangu, unasikia huyu anayelia?"

"Namsikia. Umemfanyaje?"

"Nimempima tu. Uzito umeongezeka!"

"Basi analia kwa furaha. Mpe pole na hongera kwa pamoja."

Ikaja siku umeme ulikatika. Stoo ilikuwa na dirisha dogo juu ya ukuta, halina msaada, ila mlango ulimwaga mwanga mzuri. Fundi alifanya ambacho fundi yeyote angefanya: aliinua mashine, akaigeuza, akakaa akitazama mlangoni. Uzi wa kijani akauweka kulia kwake, wa njano kushoto kwake, kama alivyoambiwa. Meza mbili za unga zilibaki pale zilipo. Umeme uliporudi aliona mwanga wa mlangoni ni mzuri zaidi kwa macho yake, akaiacha mashine hivyohivyo.

Msomaji, umeshaelewa. Yeye hakuelewa. Aliimba huku anashona.

Majira yalibadilika, na wasiwasi wa mtafiti ukabadilika nao. Mwanzoni watoto wa njano walikuwa wamewatangulia wenzao, mashavu yanaanza kujaa, mama zao wanalalamika kwamba wanakimbia hovyo. Halafu wakasimama. Wa kijani wakawafikia. Sasa wote walikuwa wanakwenda sambamba, na hakuna aliyeweza kusema unga upi ni upi.

Jumatatu moja walikuwa kwenye mgahawa mdogo karibu na kituo, chai mbele yao inapoa. Mtafiti alikuwa amevaa lile gauni la bluu, lakini sasa lilimpwaya.

"Unga wangu haufai," alisema. "Ijumaa napeleka ripoti, niseme haufai. Watafunga kila kitu."

"Labda watoto waliugua."

"Hawakuugua. Nimechunguza maji, nimechunguza homa, nimekwenda majumbani mwao. Fundi wangu, mimi nimewaahidi wale kina mama kitu ambacho hakipo." Machozi yalimtoka, akayaacha. "Nikueleze sasa, hakuna siri tena ya kulinda. Meza moja ina unga wa mashudu, nyingine wa kawaida, na kinachoitofautisha mifuko ni uzi tu. Wa kulia kijani, wa kushoto njano. Basi, ndiyo sayansi yenyewe."

Fundi aliweka kikombe chini polepole. Mkono wake wa kulia aliutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akaukumbuka mlango, mwanga na mashine.

"Unaumwa?"

"Hapana. Nina... nina nguo ya mtu. Nimeahidi leo."

Akaondoka. Alimwacha mwanamke analia mezani, jambo ambalo mama yake hakumfundisha.

Jumanne mtafiti alipiga simu, haikupokelewa. Jumatano alipiga, ikaita mpaka ikachoka. Mchana akapita kibandani, akamkuta dada mkubwa peke yake anapanga vifungo vilivyokwisha kupangwa.

"Yuko wapi, dada?"

"Wifi, ningejua ningekwambia. Hali, hasemi. Jana kashona mkono wa shati shingoni."

"Ana mtu mwingine?"

"Huyu? Wewe tu mwenyewe ilibidi nimsukume."

Mtafiti hakucheka. Aliondoka akiwa na jibu lake mwenyewe, na lilikuwa chungu: mwanamume amempenda wakati wa matumaini, kazi imeshindwa, anatafuta mlango. Wengi hufanya hivyo. Alijiapiza kutompigia tena, na alikaa na simu mkononi mpaka usiku.

Fundi naye alikuwa anazunguka mitaa na hesabu moja isiyotoka. Akisema, ameua kazi ya maisha ya mpenzi wake kwa mkono wake mwenyewe. Asiposema, Ijumaa ripoti itakwenda, unga utatupwa, na hakuna mtu atakayejua kwamba ulikuwa mzuri. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyeiona mashine ikigeuka. Angebaki na mwanamke, na angeamka kando yake kila asubuhi akijua.

Alhamisi alfajiri haijapita vizuri, alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha mizani, shati lina mikunjo kwa mara ya kwanza tangu wajuane.

"Usipeleke ripoti," alisema.

"Oo. Leo una sauti?"

"Niligeuza mashine."

"Mashine gani?"

"Siku umeme ulipokatika. Niligeuka, nikatazama mlangoni. Kulia kwangu kukawa kushoto kwa zamani. Kuanzia siku ile nimewashonea kinyume. Wa kijani wanakula cha njano, wa njano wanakula cha kijani."

Mtafiti alishika mizani isimponyoke, kumbe alikuwa anajishika mwenyewe. Alikwenda ukutani kwenye ule mchoro wa uzito, akaweka kidole pale mistari miwili ilipoanza kukaribiana.

"Ulijua lini?"

"Mgahawani."

"Nilipokuwa nalia?"

"Ndiyo."

"Ukaniacha nilie."

"Niliogopa. Nilijua nikifungua mdomo nimekupoteza."

"Ungekosea mashine nikakasirika, hasira ingeisha!" Sauti yake ilipasuka. "Kila mtu hukosea. Lakini uliniona nazama, ukaenda kushona nguo za watu. Toka. Tafadhali, toka."

Alitoka. Mtafiti alimpigia profesa, akakosea namba mara ya kwanza, akamweleza mtu asiyehusika habari za mashudu.

Profesa alisikiliza hadi mwisho. "Hili si jaribio tulilolipanga tena," alisema. "Hatuwezi kwenda nalo mbele ya watu. Lakini nitazame hapa nilipoficha majibu..." Karatasi zilichakarishwa. "Binti yangu, mwanzoni ni wenye mashudu waliokuwa wanatangulia. Na baada ya kubadilishana, wale wengine ndio waliopanda. Haitoshi kumshawishi mtu mwingine. Inatosha kunikosesha usingizi. Hawa watoto wote wapewe cha mashudu sasa. Jaribio tutalianza upya mtaa mwingine, kwa adabu zaidi. Na kina mama waambiwe ukweli."

Mtafiti alikaa chini akalia tena, kilio cha namna nyingine.

Kina mama waliitwa, wakajaa kwenye benchi na sakafuni, watoto mapajani. Mtafiti alisimama mbele akiwa na koti jeupe. Kabla hajafungua mdomo, fundi aliingia. Hakuitwa. Hakumtazama mtafiti.

"Kosa ni langu," aliwaambia kina mama. "Mimi ndiye niliyekuwa nashona mifuko. Nilifuata mwanga, nikageuza mashine, nikawabadilishia unga. Daktari hakujua. Nilipojua, nilikaa nalo siku tatu bila kusema. Hilo ndilo baya zaidi."

Mama Pacha, ambaye wanawe walikuwa wa njano tangu mwanzo, aliwaangalia watoto wake, mmoja kila goti.

"Ndiyo maana," alisema. "Hawa walikuwa wameanza kunisumbua. Wanakimbia, wanavunja vyombo. Halafu wakatulia. Nikamshukuru Mungu, nikasema wamepata adabu." Aliwavuta karibu. "Kumbe ilikuwa njaa."

Fundi aliinamisha kichwa, na mtafiti akaikunja karatasi yake ya maneno ya kitaalamu, akaitia mfukoni.

"Na wewe Daktari," Mama Pacha aliendelea, "huyu ulimwambia kwa nini rangi ni mbili?"

"Hapana, mama. Sheria ilikataza ajue kilichomo ndani."

"Sikuulizi kilichomo ndani. Ulimwambia kwamba rangi zisichanganywe, kwamba ni maisha ya watoto?"

"Sikumwambia," alisema. "Nilimwambia kulia na kushoto. Na stoo sikuwahi kumtuma mtu aangalie."

"Basi mmekosea wawili. Unga unaofaa tunaanza kupewa lini?"

"Leo."

Foleni ilianza kujipanga. Fundi alikuwa ameshafika mlangoni mtafiti alipomfuata, akamshika mkono wa shati.

"Profesa anataka mshonaji mwingine," alimwambia kwa sauti ya chini.

"Ana haki. Mtu aliyegeuza mashine..."

"Si kwa sababu hiyo. Meza zitapakwa rangi, hata ukikaa juu ya dari hutakosea. Aliniuliza, huyu fundi ni nani wako? Maana jamaa wa mtafiti haruhusiwi kugusa mifuko."

"Ukamjibuje?"

"Nilitaka kusema si mtu wangu. Nimekaa siku zote hizi najifunza kusema hivyo." Macho yalimlowa. "Nikajikuta nasema ni mchumba wangu."

Fundi alimwangalia kama mtu aliyesomewa hukumu ya mtu mwingine. "Mpenzi, mimi nilikuchumbia lini?"

"Hujanichumbia. Kwa hiyo nimemdanganya profesa, na mimi kazini sidanganyi. Na usinifiche kitu tena. Hata kibaya. Kibaya hasa."

"Sitakuficha. Sasa hivi, kwa mfano, naogopa."

"Na mimi pia."

"Nikuoe?"

Mtafiti akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Nyuma yao foleni nzima ilikuwa imegeuka kuwatazama.

"Mjibu, Daktari," Mama Pacha alisema kutoka kwenye foleni. "Hawa wanangu wanataka kupimwa."