Kisima Kinavuja, Nifanyeje?

Mwanne alikuwa akichemsha ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa kama viazi, uani kwake, Newala. Ilipoiva alimwita mumewe. Akamwita tena. Mumewe hakuja.

Hamudi alikuwa amesimama njiani na mtu aliyepita kuulizia saruji. Mikono yake ilikuwa hewani. Alikuwa akimweleza kwa nini kisima hakijengwi karibu na mkorosho.

"Mizizi haina adabu," alisema Hamudi. "Ikinusa maji inabisha hodi. Usipoifungulia inavunja ukuta!"

Yule mtu alicheka, akaagana naye, akaenda zake.

"Baba Anwari!" Mwanne alipaza sauti. "Ming'oko imepoa, na wewe unagawa elimu bure barabarani!"

Hamudi alikuwa fundi wa visima vya maji ya mvua. Newala iko juu, na chemchemi ziko mbali bondeni. Kwa hiyo watu wengi huvuna mvua. Maji hushuka kutoka kwenye bati, hupita kwenye mfereji, huingia kwenye kisima cha saruji kilichochimbwa uani. Visima vya Hamudi vilikuwa imara. Kasoro yake, kwa maoni ya Mwanne, ilikuwa moja tu. Ukimgusa kwa habari ya visima, ugali utapoa, chai itapoa, na wewe mwenyewe utapoa.

Mwaka huo watu walimsikiliza sana, lakini kazi hazikuja. Kiangazi ndicho msimu wa kuchimba, na kiangazi kilikuwa kinapita. Mafundi wenzake wawili, Bonifasi na Yassini, walikaa tu. Siku moja Bonifasi alisema kwa upole, "Kaka Hamudi, korosho zikianza kuanguka hatujapata kazi, sisi tutakwenda Mtwara kutafuta vibarua vya ujenzi. Tuna watoto."

Usiku huo Hamudi hakuzungumza hata habari za visima, na Mwanne akajua kwamba mambo yamekuwa mabaya.

Tovuti walikuwa nayo. Mwaka uliopita kijana mmoja wa mjini aliwatengenezea. Aliwaahidi kwamba mtu yeyote akitafuta fundi kwenye Google, Hamudi atakuwa wa kwanza. Tangu siku hiyo hakuna aliyepiga simu na kusema, "Nimekuona mtandaoni."

Wiki hiyo jirani yao Upendo alikuja kununua ming'oko, maana Mwanne aliiuza pia. Alikuwa mzaliwa wa Masasi, ameolewa Newala. Alifanya kazi kwenye redio ya jamii. Aliandaa vipindi, na pia aliitunza tovuti ya redio hiyo.

"Shikamoo, Mama Anwari."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu ukae. Hebu nitazamie jambo moja. Wewe si unaelewa mambo ya mtandao?"

Upendo alichukua simu ya Mwanne. Aliandika maneno machache kwenye Google. Alishuka chini kwa kidole. Akashuka tena. Akashuka mpaka Mwanne akaona aibu.

"Hii hapa," alisema mwishowe. "Huku chini hafiki mtu, Mama Anwari. Ngoja nisome mlichoandika." Akasoma kwa sauti: "'Fundi visima bora Newala. Fundi visima bora Masasi. Fundi visima bei nafuu. Karibu kwa fundi visima bora wa visima bora.'"

Hamudi alitoka ndani. "Nani huyo anayesema hivyo?"

"Ni wewe, Baba Anwari."

"Mimi? Niliugua lini?"

Upendo aliendelea kusoma. "'Visima vyetu havipasuki hata theluji ikianguka.'"

Mwanne alicheka mpaka akashika ukuta. "Theluji! Newala!"

"Haya maneno yamenakiliwa," alisema Upendo. "Yametoka kwenye tovuti ya watu wa nchi za baridi. Hakuyaandika mtu anayejua kisima. Zamani ilikuwa ukirudia neno moja mara nyingi, unapanda. Siku hizi Google inaitambua hila hiyo. Inaona ukurasa umeandikwa kuidanganya mashine, si kumsaidia msomaji. Basi inaushusha."

Hamudi alikunja uso. "Lakini wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Chajiuza kikionekana, Baba Anwari. Wewe kizuri chako umekifukia ardhini."

Hamudi akacheka yeye mwenyewe.

"Sasa tuandike nini?" Mwanne aliuliza.

"Niambie wewe. Watu wakipiga simu hapa, wanauliza nini?"

Mwanne alifikiri. "Wanauliza, 'Kisima kinavuja, nifanyeje?' Wengine, 'Maji yananuka, kwa nini?' Wengine wanataka kujua wachimbe upande gani wa nyumba."

"Basi hayo hayo ndiyo wanayoyaandika kwenye Google," alisema Upendo. "Mtu aliyeamka akakuta maji yamepungua haandiki 'fundi bora'. Anaandika shida yake. Wewe weka jibu la shida hiyo. Swali moja, ukurasa mmoja. Swali lenyewe liwe kichwa cha ukurasa. Andika kama mnavyozungumza. Taja Newala au Masasi pale inapohitajika tu, usimwage majina kama chumvi. Piga picha za visima vyenu wenyewe, na uzipunguze ukubwa, zisimmalizie mtu bando."

"Na Facebook?" aliuliza Mwanne. "Yule kijana alisema tununue wafuasi."

"Msinunue. Wafuasi wa kununuliwa hawana bati wala kisima. Facebook na WhatsApp ni kama baraza. Ukitoa jambo la maana pale, watu hulichukua na kulipeleka mbele. Si kwamba Facebook inakupandisha yenyewe kwenye Google. Inawaleta watu kwenye ukurasa wako. Wakiuona unafaa, wengine wenye tovuti zao watautaja na kuweka kiungo cha kuufungua. Hapo Google inaona kwamba watu wanakuamini. Lakini inataka subira. Hii ni kazi ya miezi."

Kesho yake walianza. Mwanne alifuta maneno yote ya zamani, pamoja na theluji. Akamsimamisha mumewe mbele ya simu ili amrekodi.

Hapo likatokea jambo ambalo hakulitegemea. Hamudi, msemaji wa barabara nzima, alikauka kama gogo. Alitoa macho. Alibana mikono ubavuni.

"Ndugu wananchi," alianza. "Kisima ni... kisima ni chombo muhimu."

"Ongea kama kawaida yako, Baba Anwari!"

"Ndiyo. Kisima, ndugu wananchi..."

Mwanne aliizima simu. Alikaa juu ya ndoo, akainamisha kichwa. Mwaka mzima alikuwa akimwomba mtu huyu anyamaze. Leo alimwomba aseme, naye hana neno.

Mchana Yassini alipita kuwajulia hali. Katika mazungumzo alisema kwamba binamu yake ameacha kisima chake kikauke kabisa ili kipumzike.

"Kipumzike?" Hamudi aliruka. "Kisima ni punda? Ukikiacha kikavu juani, saruji inapasuka! Mwambie abakize maji kidogo chini, na mfuniko ufungwe!"

Mwanne aliichukua simu taratibu, akarekodi. Hamudi alizungumza bila kupumua. Alieleza jinsi ya kutafuta ufa. Jioni weka alama ya mkaa ukutani, pale maji yanapoishia. Mtu asichote. Asubuhi tazama. Kama maji yameshuka, kisima kinavuja. Yaache yaendelee kushuka mpaka yasimame yenyewe. Yakisimama, ufa uko hapo hapo, usawa wa maji. Pachimbue, safisha, ziba kwa saruji nzito, kisha mwagilia kiraka kwa siku kadhaa kisikauke haraka.

Alipomaliza, Mwanne alimwonyesha video. Hamudi alijitazama.

"Kumbe mimi huwa hivyo?"

"Kila siku."

"Mbona hukuniambia kwamba nachekesha? Haya, weka. Lakini ile ya ndugu wananchi, nakuomba uifute."

Ikawa ndiyo kazi yao. Hamudi alisema, Mwanne aliandika. Aliona kwamba kuandika si kubandika kila neno. Mumewe akienda kulia na kushoto, yeye alimrudisha njiani. Maneno magumu aliyatoa. Utani aliubakiza. Ukurasa wa kwanza aliuita "Kisima kinavuja, nifanyeje?" Kipande kifupi cha video alikiweka Facebook na kwenye makundi ya WhatsApp, pamoja na kiungo cha kwenda kwenye ukurasa. Watu wakiuliza maswali, aliwajibu. Swali likirudi tena na tena, alilifanyia ukurasa wake.

Wiki zilipita kimya. Mikorosho ilianza kutoa maua. Bonifasi alishaulizia nauli.

Siku moja simu ililia.

"Hapo ni kwa Hamudi wa visima? Mimi naitwa Paulina, nipo Lulindi. Kisima chetu kilikuwa kinapungua maji, hatujui kwa nini. Mume wangu alimshuku jirani kuwa anachota kwa siri. Wameacha kusalimiana! Nikaiuliza Google, nikakuta maneno yenu. Tukaweka alama ya mkaa. Maji yakasimama, ufa tukauona kwa macho yetu. Tumeziba wenyewe, hakivuji tena. Mume wangu amekwenda kwa jirani kuomba radhi. Nimepiga kusema asante."

"Asante na wewe, mama," alisema Mwanne.

Alimweleza mumewe. Hamudi alifurahi, kisha furaha ikamtoka usoni.

"Ngoja kwanza, Mama Anwari. Ameziba mwenyewe? Sasa hapo tumepata kazi ama tumepoteza?"

Mwanne naye hakujua. Alikwenda kwa Upendo, akamweleza kwa unyonge. Upendo alipiga makofi.

"Mmepata! Google imemleta mtu wa Lulindi asiyewajua. Maana yake mmepanda. Na huyo mama mmemsaidia bila kumdai chochote. Unafikiri atanyamaza?"

Paulina hakunyamaza. Aliandika habari yake kwenye kundi la Facebook la watu wa wilaya ya Masasi. Aliweka picha ya alama ya mkaa, na nyingine ya mumewe na jirani wakiwa wameshikana mikono mbele ya kisima, wanacheka. Habari ile ikasambaa. Watu wa Lukuledi, watu wa Nanganga, hata wana wa Masasi wanaoishi mbali, walitumiana. Upendo alifanya kipindi redioni kuhusu kutunza visima, akaweka kiungo cha ukurasa wa Hamudi kwenye tovuti ya redio. Mwalimu mmoja wa ufundi naye akakiweka kwenye blogu yake. Hakuna aliyeombwa wala kulipwa.

Mwanne alijaribu tena kutafuta kwenye Google. Aliandika swali lile. Hakushuka chini kwa kidole. Jina la mumewe lilikuwa juu kabisa.

"Baba Anwari! Njoo uone!"

Safari hii Hamudi alikuja mbio.

Simu zikaanza. Kuna waliosema, "Nimesoma, lakini ufa wangu ni mkubwa, njoo wewe." Wengine walisema, "Ukimsikia anavyoeleza, unajua huyu anajua. Basi aje atujengee kipya." Shemeji yake Paulina alitaka kisima. Shule moja iliyo njia ya Nanganga ilitaka kikubwa, cha kukinga maji ya madarasa yote. Korosho zilipoanza kuanguka, Bonifasi na Yassini walikuwa wamejaa vumbi la saruji hadi kwenye nyusi, na habari ya Mtwara haikutajwa tena. Hamudi alilazimika kumchukua fundi wa nne.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana. Ilipiga bati kwa kishindo, watu wakapiga vigelegele nyumba hadi nyumba. Mafundi wote walikuwa wamejibanza kwa Mwanne, wanakula ugali wa muhogo na kisamvu. Simu ikatoa mlio. Mkuu wa ile shule alikuwa ametuma video.

Walikusanya vichwa pamoja kuitazama. Mfereji mpya ulikuwa unatiririka. Wanafunzi walikuwa wamezunguka kisima, wamelowa chapachapa, wanaruka na kuimba.

"Lo! Yale ni maji ya kwanza!" Hamudi alipiga kelele. "Yana vumbi la bati! Yamwagwe pembeni! Mama Anwari, waambie!"

"Waambie wewe," alisema Mwanne, akamsogezea simu na kubonyeza mahali pa kurekodi. Kwa mkono mwingine alivuta bakuli lake la kisamvu karibu, maana alijua maelezo yale yatakuwa marefu, na safari hii alitaka kuyasikia yote.